Shahidi wa Ukurasa wa Nne

Kazini walimwita Povu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dobi wa hoteli kubwa, mwaka wa kumi na tisa sasa, chini kabisa katika chumba kisicho na dirisha, ambako mashuka hufika yakiwa marobota na hutoka yamenyooka kama karatasi. Mashine kubwa ikimaliza kukamua, mashuka huwa yamejisokota kama kamba ya meli, na mtu hana budi kuingiza mkono hadi kwapani ayavute. Povu alikuwa ameyavuta hivyo mara zisizo na idadi. Jumatatu moja aliyavuta, yakagoma, akakaza, na ndani ya bega la kulia kitu kikaachia, kama kifungo kinavyochomoka kwenye shati. Aliketi juu ya rundo la taulo, jasho likimtoka, mpaka msimamizi alipomwona na kumuuliza kama leo amekuja kulala.

Daktari alisema ni kano za bega. "Mkono huu uuhesabu kuwa ni mgeni wako kwa wiki kumi," alisema huku akiufunga kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni. "Usiutume hata kikombe."

"Mgeni siku mbili, daktari. Ya tatu mpe jembe."

"Huyu hata wiki ya tisa usimpe."

Hotelini, afisa utumishi, binti mwenye umri kama wa mwanawe, alimwambia asihangaike. Wafanyakazi wote walikuwa na bima. Akamtandazia fomu mezani. Juu kabisa paliandikwa: Bima ya Ulemavu wa Muda Mfupi.

Povu akashtuka. "Ulemavu? Mimi nimeumia tu, binti yangu."

"Ni neno la kwenye karatasi, baba. Maana yake huwezi kazi kwa sasa, ila utarudi. Wiki mbili za mwanzo hazihesabiwi. Baada ya hapo bima inakulipa sehemu ya mshahara mpaka daktari aseme umepona. Ukurasa wa kwanza jaza wewe, wa pili daktari, wa tatu nitajaza mimi. Wa nne kausome nyumbani kwa utulivu."

Nyumbani kulikuwa chumba kimoja na jiko dogo, ghorofa ya pili, katika jengo lenye korido ndefu na milango ya rangi moja. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa na kuajiriwa katika mji wa mbali, safari ya siku mbili.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakusema mkono mmoja unavaaje suruali. Povu alijifunza mwenyewe. Kuinuka kitandani kulitaka majaribio matatu, na siku mbaya, manne. Vifungo vya shati alivifunga kwa mkono wa kushoto huku akibana ukosi kwa kidevu. Yeye aliyefua mashuka ya hoteli nzima sasa alifua fulana moja kwa kuikanyaga ndani ya beseni, na kuikamua kwa kuizungusha kwenye bomba. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo vijana, na aghalabu ni sabuni iliyomponyoka ikateleza chini ya kitanda.

Jumamosi ya kwanza wenzake wanne wa kazini walikuja na matunda. Walikaa, wengine kitandani, mmoja kwenye kiti, wakamtania kwamba amejivunja makusudi ili apumzike. Saa moja haikuisha wakaaga, zamu inawasubiri. Baadaye walipiga simu. Baadaye hawakupiga. Povu hakuwalaumu, kwa sababu alipofikiri vizuri aliona kwamba hata yeye hakuwahi kwenda kumwona mgonjwa mara ya pili.

Ndipo akausoma ukurasa wa nne. "Sehemu hii ijazwe na mtu anayemwona mwombaji katika shughuli zake za kila siku. Asiwe daktari wake wala mwajiri wake." Chini yake maswali: Anainukaje? Anavaaje? Anapikaje? Analalaje? Kisha jina, sahihi na simu ya shahidi.

Akampigia binti yake.

"Nitumie picha ya huo ukurasa, baba, nijaze mimi. Nani atajua?"

"Wameandika anayemwona."

"Kwani mimi sikujui? Huwezi kupika, huwezi kuvaa vizuri, unalala kwa shida. Mkono si wa kushoto?"

Povu aliutazama mkono uliofungwa. "Wa kulia, mwanangu."

"Jamani, baba. Uliniambia, nimechanganya."

"Si kitu. Wasalimie hapo."

Na kweli hakikuwa kitu. Mtoto alikuwa na kazi zake, na mikono ya watu ni miwili. Hata hivyo, simu ilipokatika, alikaa nayo gotini muda mrefu kuliko yalivyokuwa mazungumzo yenyewe.

Alimjaribu mwenye duka wa chini. Mwenye duka alimtazama kupitia nyavu, akakuna kichwa. "Mzee, mimi nakujua kwa mkate na sabuni. Nikiandika, nitaandika hivyo: anakula mkate, anaoga." Wateja wakacheka. Povu naye akacheka, maana utani ulikuwa mzuri. Alimjaribu mlinzi wa jengo, ambaye alisema yeye huona watu wakitoka na kuingia tu, na Povu siku hizi hatoki.

Basi akaipeleka fomu ofisi ya bima ikiwa na kurasa tatu zilizojaa na mmoja mtupu. Karani wa madai aliifunua, akafika mwisho, akasimama hapo.

"Ukurasa wa nne uko wazi, mzee."

"Najua."

"Mkeo je?"

"Alishatangulia."

"Pole sana. Ndugu? Rafiki? Mtu wa kanisani, wa msikitini? Jirani?"

Kila neno Povu alilitikisia kichwa. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinama mbele na kushusha sauti watu wa nyuma wasisikie, na huko kushusha sauti ndiko kulikomchoma Povu. "Hata mtu mmoja tu anayekuona, mzee wangu?"

Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mtu mwenye magongo, aliangalia dari.

"Nakupa siku saba," karani alisema. "Bila huu, faili lako litabaki hapa hapa."

Alirudi kwa miguu ingawa ni mbali. Njiani alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimwona akifanya jambo, si akipita, bali akifanya. Miaka kumi na tisa watu walilalia mashuka aliyoyanyoosha kwa mikono yake. Hakuna aliyejua kwamba yana mwenyewe.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, alipiga moyo konde akatoka kwenye korido na kubisha mlango wa jirani. Ukuta mmoja uliwatenganisha kwa miaka mitano. Alichojua juu yake ni kile alichoambiwa na mlinzi: kwamba anaitwa Bi Haloo, kwa kuwa alistaafu kazi ya kuunganisha simu. Wakikutana ngazini hutupiana "salama" na kupishana.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa mama mrefu, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani.

"Leo umeinuka mara ya pili tu," alisema. "Jana ilikuwa ya nne."

"Umejuaje, mama?"

"Kitanda chako kinasema. Kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Kisha wewe unasema 'haya bwana', kinalia kwa nguvu, miguu inagusa sakafu. Watu husema kuta zina masikio. Kuta hazina kitu, mwenye masikio ni mimi. Miaka thelathini na mmoja ndiyo ilikuwa kazi yangu. Una shida gani?"

Povu akamweleza, akimwonyesha fomu. Bi Haloo alimkalisha, akavaa miwani, akasoma ukurasa akiwa ameushika mbali na uso. Kisha alichukua kalamu na kuandika bila kumuuliza chochote, na kila jibu alilisoma kwa sauti alipolimaliza.

"Namsikia akivaa kuanzia saa moja hadi karibu saa mbili. Nasikia kiti kikigonga ukuta kwa sababu hukiegemea asianguke. Nimesikia sufuria ikianguka mara nne wiki hii. Ya Alhamisi haikuokotwa hadi jioni. Anapika kitu kimoja, mara moja kwa siku. Analalia upande wa kushoto, akijisahau akageuka, namsikia akiguta kwa maumivu."

Povu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwanza aliona haya, haya ya mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu. Kisha haya zikapungua, akajikuta anangoja sentensi inayofuata. Siku zile zote alizodhani zimepotea, kumbe zilipokelewa mahali.

Lakini likamjia jambo moja. Kila asubuhi, akihangaika na kifungo cha mkono, alikuwa na mazoea ya kumwambia marehemu mkewe, "Nishikie hapa kidogo."

"Kuna mengine unayoyasikia?" aliuliza.

Bi Haloo alivua miwani. "Yapo. Hayakuulizwa hapa." Akatia sahihi.

"Na wewe, mama? Miaka mitano, mimi sijasikia hata kijiko chako."

"Mimi huvua viatu mlangoni. Redio naisikiliza kwa waya wa sikioni. Ukishawasikiliza watu sana, hupendi na wewe usikilizwe." Akamrudishia fomu na kusimama, na Povu akaelewa kwamba aage.

Kesho yake Povu aliipeleka fomu, na siku tatu baadaye karani alimpigia Bi Haloo. Povu aliyapata hayo kutoka kwa Bi Haloo mwenyewe, mlangoni. "Ananiambia nimeandika 'nasikia' kila mahali, na fomu inataka 'naona'. Nikamuuliza, binti, wewe hapo unaniona? Akasema hapana. Nikamwambia, lakini umeshajua kwamba nipo na kwamba nimekasirika." Karani alicheka, akaenda kumuuliza mkubwa wake. Maelezo yalilingana na ya daktari. Faili likapita, na mwezi ule mafao yakaingia.

Wiki kumi zikawa kumi na mbili. Povu alirudi kazini, akapewa meza ya kukunja vitambaa vya mezani, mbali na mashine kubwa. Wenzake walimpigia makofi siku ya kwanza, na siku ya pili walikuwa wameshamzoea.

Mtu angedhani mlango wa jirani ulibaki wazi. Haukubaki. Alipokwenda kumshukuru, Bi Haloo alimpokelea pale pale kizingitini, akasema, "Mimi si mtu wa wageni, baba. Usinune." Povu hakununa. Ila chumbani kwake alianza kuweka sufuria chini taratibu, akanyanyua kiti badala ya kukiburuta, na kwa wiki nzima hakumsemesha mkewe. Wiki ya pili alishindwa. Ukimya ule ulimwelemea kuliko aibu.

Siku moja ya mapumziko alimkuta Bi Haloo katikati ya ngazi, ameshika reli, kikapu kiko chini. Mguu wa kulia ulikuwa umetangulia, wa kushoto umebaki nyuma.

"Ni goti?"

"Ni goti."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Miaka miwili, upande wa pili wa ukuta. Povu alisimama ngazi moja chini yake. "Niambie linavyouma."

"Ili iweje? Wewe si daktari."

"Ili nijue tu."

Bi Haloo alimtazama kama anayetafuta mzaha usoni mwake. Hakuuona. Akaanza kueleza, kwanza kwa mkato kisha kwa urefu: linavyokaza asubuhi, anavyoketi ukingoni mwa kitanda akilikanda, anavyokwenda sokoni siku moja kwa wiki ili ngazi zisizidi. Hakuna aliyepita. Povu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akabeba kikapu kwa mkono wa kushoto na kupanda nyuma yake, kwa mwendo wake.

Mlangoni Bi Haloo alikipokea, akashukuru, akaingia. Povu alibaki kwenye korido. Ilikuwa bado asubuhi, siku nzima iko mbele yake, na hakuwa na pa kwenda.