Lala Chali, Hadda

"Lala chali," Daktari Anouar alisema, na Hadda akapanda kitandani na magamba ya sardini yakiwa bado yameganda kwenye kilemba chake.

Ujana wake wote ulikwisha kwenye sakafu ya maji ya kiwanda cha sardini mjini Safi, ndani ya mabuti ya mpira yaliyonunuliwa kwa wanawake wote kwa kipimo kimoja. Leo daktari ndiye angesema: vidole vyake vya miguu vimeharibiwa na kazi, apewe kiti kwenye meza ya kufunga makopo; au alizaliwa navyo, aende zake, maana kiwanda hakiajiri vilema.

Meneja Bennis aliegemea mlango. "Tazama hina hiyo! Mguu unauma, lakini arusini kacheza."

"Hina ni dawa ya sugu, Sidi. Ningetoka arusini, ningepaka na mikono."

Wanawake waliosubiri nje wakaangua kicheko. Bennis hakucheka.

Daktari alikivuta kidole cha pili, kikanyooka. Sugu iliyokaa juu yake ilikuwa ngumu kama kokwa la zeituni. Akabonyeza chini, pale kidole kinapoungana na wayo. Hadda akauma ncha ya kilemba.

"Mwanangu, ngoja nisimame uone. Nikilala vinatulia. Nikisimama vinajikunja kama makucha ya kuku."

Daktari alijua. Hata mwanafunzi anajua kwamba mguu hupimwa ukiwa umebeba mwili. Na buti la Hadda lilikuwa pale sakafuni. Angeusimamisha wayo kando yake tu, ingeonekana kwamba kidole ni kirefu kuliko buti. Alilitazama buti. Kisha akamtazama Bennis, aliyemwajiri.

"Hakuna haja," akasema.

"Basi?" Bennis akauliza.

"Alizaliwa navyo."

Hadda akainuka taratibu, akakaa. "Mama alinikanda miguu hii mpaka nikatembea. Ningezaliwa navyo, asingeviona?"

Akashuka kitandani. Juu ya marumaru nyeupe vidole vikapanda, vikajikunja, kucha zikaikwaruza sakafu. Akabaki amesimama hivyo makusudi. Daktari akageukia beseni, akanawa mikono, akainawa tena, mpaka aliposikia mlango.

Alipogeuka, mmoja wa wanawake waliosubiri nje alikuwa amekwisha ingia, buti mkononi, vidole vyekundu kwa hina. Hakungoja kuambiwa. Alipanda, akalala chali, akakaza macho darini.

"Hivi ndivyo unavyotutaka, Daktari, tusisimame?"