Nsimire Haonekani Ghorofa ya Tatu

Jumatatu saa sita na nusu, Nsimire alipanda ghorofa ya tatu ya kampuni moja ya bima mjini, na imvutano sita mfukoni, vile vitambaa wanavyojitanda wanawake wa Bujumbura arusini. Wateja wake wote walikuwa humo. Mega za intaneti ya simu ni ghali, kwa hiyo wanawake wa bima huchagua nguo kwenye tovuti yake saa ya chakula, kwa kompyuta za ofisi. Siku hiyo hakuna aliyemwona. Aliwasalimu, wakaendelea kula. Raïssa, mteja wake wa miaka miwili, nusura amkanyage.

Akamngoja nje. Barabarani Raïssa alimwona vizuri tu, wakabusiana mashavuni.

"Mama Kelly, site yako wameifunga. Filtre ya kompyuta zetu inasema ni ya kamari. Sasa mule ndani hatukuoni tena. Pole."

"Na we unajua mi sichezeshi kamari."

"Hapa najua. Mule ndani sijui."

Basi, ndivyo ilivyokuwa, na watu wa bima hawana muda wa kushangaa. Nsimire aliwaandikia wenye kichujio hicho, wanaopanga tovuti kwa aina, akaomba wamchunguze upya. Kesho yake wakajibu: tovuti ni safi, wao wameshaifungua; iliyobaki ni orodha ya kampuni ya bima yenyewe, amwone mtu wao wa informatique, wa kompyuta.

Nsimire alicheka kwa raha. Mtu wa informatique si mwingine ila Méthode, aliyemtengenezea tovuti hiyo, parrain, baba wa ubatizo aliyemshika mwanawe Kelly kanisani. Mtaani kwao Musaga parrain ni ndugu, huingia mpaka jikoni. Akampigia.

"Usijali," alisema Méthode. "Wakubwa ndio wamekaza. Nitajaribu."

Akajaribu wiki tatu nzima. Mwishowe Nsimire akapanda mwenyewe hadi chumba cha mashine. Mlinzi hakumzuia, angemzuiaje asiyemwona? Méthode alikuwa ameinamia sahani. Orodha ilikuwa wazi kwenye skrini. Tovuti yake ndiyo ya mwisho, sababu kamari, aliyeomba ifungwe Méthode. Pembeni palikuwa na tovuti nyingine ya imvutano, mpya, yenye jina la Joëlla, mkewe. Picha ni zile zile za Nsimire, hata kidole gumba chake kimeshika pindo.

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Nsimire alilia kwa sauti, bila kujificha, maana humo nani angemsikia.

Méthode akainua macho, akamtazama usoni.

"Mama Kelly. Mutoto iko bien?"

Aliyeandika orodha huwaona wote waliomo. Alikuwa akimwona tangu ile Jumatatu, akizunguka meza hadi meza na salamu zake.

"Iko bien," alisema Nsimire. "Nifungulie, parrain."

"Joëlla ndio anaanza tu. We umezoea kazi, utapata wengine."

Raïssa akachungulia mlangoni na karatasi zake, akauliza anaongea na nani.

"Apana mutu," alijibu Méthode, macho yake bado kwa Nsimire.