Kengele ya Ng'ombe Jukwaani

Kila mji mdogo wa jimbo la Iowa una mama mmoja mwenye kengele ya ng'ombe, na kwetu mama huyo ni mimi. Nilirithi kengele hiyo baba alipouza ng'ombe wake wa maziwa. Miaka minne nimeitikisa kwenye kila mechi ya mpira wa kikapu ya binti yangu Marit, na miaka minne Marit amekaa benchi. Si mvivu, mazoezini hakosi. Tatizo ni kocha wake, Brandvold, aliyepewa macho mawili na Mungu na hajui ya nini. Nimemwambia hivyo mara nyingi, kutoka jukwaani, kwa sauti ya kumfikia.

Ijumaa ile ilikuwa mechi ya mwisho ya Marit shuleni. Desturi yetu inajulikana: wasichana wanaomaliza shule husindikizwa na wazazi hadi katikati ya uwanja, mama hupewa ua, kisha hao hao ndio huanza mchezo, hata asiyejua kudaka mpira. Nilipokea ua langu, nikalia kidogo, nikarudi jukwaani. Nilitaka kitu kimoja tu, kumwona mwanangu akicheza, hata dakika mbili.

Wenzake wanaomaliza wakaingia wote. Marit akabaki benchi.

"We Brandvold, hata leo? Una roho gani wewe?"

"Janelle, kaa chini," akasema mume wangu Verlyn. "Watu wanatuangalia."

"Si wamekuja kuangalia? Waache."

Nikatikisa kengele mpaka mwamuzi akageuka. Marit alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Nikajua anaumia. Mama hujua.

Wakati wa mapumziko moshi ukaanza kutoka kwenye kibanda cha vyakula. Siku hiyo wazazi wa wanaomaliza hupumzishwa zamu ya kibandani, na walioachiwa kibanda hawakuwahi kugusa mashine ya bisi maishani mwao. Nilijaribu kuvumilia, nikashindwa. Nikampa Verlyn ua, nikaenda na kengele yangu. Nikakwangua sufuria, nikaanza bisi upya, na kila aliyekuja kununua nikamweleza habari za Brandvold. Mchezo ukaendelea bila mimi, nyuma ya mlango. Mara uwanja ukalipuka kwa shangwe, kisha tena.

"Mtoto wa mwenzangu huyo, anafaidi," nikamwambia mzee mmoja, nikampa soseji yake.

Shangwe ya tatu ndiyo iliyomleta Verlyn. Macho yalikuwa mekundu, na ua langu limepondeka mkononi mwake.

"Kafunga vikapu vitatu, Janelle. Vitatu."

"Nani?"

Akanielekezea mlango wa uwanja. Nilikimbia na aproni yangu, nikafika king'ora cha mwisho kimeshalia na wenzake wamembeba Marit juu.

Ndani ya gari nikafunguka. "Anakukalisha miaka yote hiyo, halafu anakuingiza mimi niko na bisi! Amenivizia makusudi yule mtu."

"Si yeye, Mama," Marit akasema kutoka kiti cha nyuma. "Yeye alitaka nianze. Tangu mwaka jana ananiomba. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia asiniingize ukiwa jukwaani. Leo ulipotoka, nikamwambia sasa."

Verlyn akaitazama barabara kama dereva mwanafunzi.

Nilikuwa na la kusema. Huwa ninalo. Lakini maneno yote niliyoyazoea yalikuwa ya kumpigia kelele Brandvold.

"Nisimulie," nikasema mwishowe. "Cha kwanza ulikifungaje?"

Akaanza, na alipoanza hakukoma mpaka nyumbani. Barabara yetu ni ya changarawe, gari lilikuwa linarukaruka, na mimi nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya kengele, nimeushika ulimi wake usilie.