Mdomo wa Mistari

Haya nitakayoyaeleza ni kweli tupu. Najua sifa yangu hapa mtaani: nikisema nimeona simba, watu hutoka kwenda kumtafuta paka. Lakini safari hii naapa, na nimeweka rehani kiti changu cha kubembea, kile nilichojiundia mwenyewe nilipostaafu kazi ya kutengeneza fremu, kiti ambacho hata mke wangu hakikalii bila ruhusa. Likipatikana neno moja la uongo humu ndani, mje mkichukue. Tumeelewana? Haya.

Marehemu kaka yangu aliacha binti aliyesomea historia ya sanaa. Siku aliporudi na shahada yake, ukoo mzima ulikusanyika kumpongeza. Vigelegele vilipokwisha, watu wakamkodolea macho kimya, kama walioletewa mnyama wasiyejua kama analiwa au anafugwa.

“Sasa mwanangu,” shangazi yake akaanza, “hiyo kazi yake inafanyiwa wapi?”

“Makumbusho, shangazi. Kuna chumba cha kutengeneza picha za kale zilizoharibika.”

“Wameshakuita?”

“Nafasi ni moja tu. Kuna mzee ndani.”

“Anastaafu lini?”

“Alishastaafu. Amekataa kutoka.”

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia hapo binti akaitwa Profesa. Jina lilimwendea kila alikokwenda. Alifundisha kuchora kwenye shule moja, mpaka kipindi chake kikapewa hesabu na yeye akaombwa apake chokaa mistari ya uwanja wa mpira. Akaenda kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha; huko kazi yake ikawa kupitisha sinia za vinywaji na kuwaelekeza wageni choo kilipo. Akafunga vitambaa kwenye viti vya harusi. Akiulizwa anafanya nini siku hizi, alijibu, “Nipo kwenye sanaa,” kwa sauti ile ya mtu anayesema yupo njiani naye hajaoga.

Mwisho akatua kwenye studio ya picha pale kona. Mwenye studio walimwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno alilopiga kelele kabla ya kubonyeza kamera, hata kwa wanaopiga picha za pasipoti, ambao kutabasamu wamekatazwa.

Kazi kubwa ya pale haikuwa ya walio hai. Watu walileta vipicha vya vitambulisho vya marehemu wao, vimekunjika, vimeliwa na jasho la pochi, ili vikuzwe viwekwe mbele siku ya mazishi. Tabasamu alikuwa na folda ya suti kwenye kompyuta yake, na pembeni yake folda ya macho, pua na midomo. Ukipita misibani ungedhani wanaume wote wa mtaa ule waliazimana suti moja ya bluu, wakapokezana na tai.

Profesa aliichukia ile folda. Alikuwa amefundishwa kwamba kilichopotea kimepotea. Pengo la picha hulizibi kwa kubuni. Unalijaza kwa mistari myembamba, mmoja pembeni ya mwingine, rangi kwa rangi, hivi kwamba anayesimama mbali anaona picha nzima, na anayesogea karibu anaona mkono wa fundi ulipopita. Hakuna anayedanganywa.

“Profesa, mteja hajaja kufanya utafiti,” Tabasamu alimtania. “Amekuja kumchukua mjomba wake. Mpe mjomba aende zake!”

“Nitampa mjomba aliyekuwepo, bosi. Si wa kwako wa kwenye folda.”

Basi, mama yake Profesa, yaani shemeji yangu, alikuwa na ugonjwa wa macho. Uwezo wa kuona ulikuwa ukimpungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na daktari hakuwaficha: unaokwenda haurudi. Kila kitu alikisogeza mpaka puani. Alichambua maharage kama mtu anayeyanusa moja moja, na watoto wa jirani walimcheka, naye akacheka nao.

Alitaka kitu kimoja tu, amwone mwanawe. Kifungua mimba wake alikufa kwa ajali ya barabarani, akaacha picha moja. Picha zote za nyumba ile alizipiga yeye, kwa hiyo hakumo hata katika moja, ila hiyo ambayo mdogo wake, huyuhuyu Profesa, alimnyang’anya kamera akampiga picha kwa nguvu huku wakigombana. Nayo ilikuwa imewekwa nyuma ya kabati, paa likavuja, maji yakala kuanzia chini ya pua mpaka kwenye kola ya shati.

“Mwanangu,” mama akamwambia, “wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Nitengenezee kaka yako nimtazame kabla sijafungiwa mlango.”

Profesa akaichukua picha kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba hakukumbuka. Alikuwepo, kidole kilichobonyeza kilikuwa chake, lakini kila akifumba macho alimwona kaka yake mara anacheka, mara anafungua kinywa kusema, “Subiri kwanza!” Ule ulikuwa mdomo gani? Hakujua. Na asilolijua alikuwa amekula kiapo kutolichora.

Kwa hiyo akachora mistari. Aliikuza picha, akaichapisha, akainamia meza ya studio na brashi isiyozidi unene wa unywele. Alipomaliza, akaisimamisha kwenye rafu, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kaka yake alikuwa pale, mzima. Si mdomo wa kucheka wala wa kusema, ila ulikuwa wake. Tabasamu akaja akasimama naye mlangoni, kwa mara ya kwanza akakosa utani.

“Amerudi,” akasema.

Mimi niliitengenezea fremu, nikaisugua mpaka ikang’aa. Profesa akaibeba nyumbani ameikumbatia.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Akafanya alivyofanya kwa maharage, kwa uzi, kwa kila kitu: akaisogeza mpaka puani.

Kisha akauliza, polepole, “Nani amemshona mdomo?”

“Mama, hajashonwa. Ni mistari tu. Iweke mbali kidogo, utamwona.”

“Mbali wapi, mwanangu? Mbali mimi sioni kitu.”

Kila siku ya Mungu Profesa alimwona mama yake akisogeza vitu puani, na wakati wote akiwa ameinama pale studio hakuwaza hata mara moja kwamba picha hii ingetazamwa hivyo. Alikuwa ameichora kwa ajili ya watu wanaosimama mbali, mikono nyuma, kwenye ukumbi wenye sakafu ya kung’aa.

“Huyu mtoto alikuwa na maneno mengi,” mama akasema. “Alikuwa hamalizi. Leo mmemziba.”

Hakugomba. Angegomba, ingekuwa afadhali. Aliilaza fremu mezani kifudifudi, akaenda kuendelea na sufuria zake.

Kesho yake Profesa akafungua folda ya Tabasamu. Akapitia midomo ya watu baki, minene, myembamba, yenye masharubu, akaifunga. Akachukua kioo kilichokuwa ukutani, kile cha wateja kuchania nywele, akakiweka mbele yake, kwa kuwa walipokuwa wadogo watu waliwadhani mapacha. Akachora mdomo wake mwenyewe ukicheka. Akaufuta. Akauchora ukisema. Akaufuta. Siku zikaenda.

“Profesa, mdomo ni mdomo,” Tabasamu akathubutu.

“Huu ni wa kaka yangu.”

Tabasamu akaenda mlangoni, akageuza kibao upande wa “Tumefunga”, akakaa nje kuwafukuza wateja.

Mwishowe Profesa akachagua kicheko. Akakimbia nacho nyumbani, rangi haijakauka vizuri. Mama yake alikuwa amekaa dirishani. Akaipokea picha, akaisogeza puani, na uso wake ukafunguka kama dirisha. “Huyo!” akapiga kelele. “Huyo ndiye mwanangu!” Wakacheka, wakalia, na jioni ileile simu ikaita kutoka makumbusho: yule mzee amekubali kutoka.

Hapo nikaweka nukta ya mwisho, nikajipongeza. Nikaenda kumsomea Profesa mwenyewe, mama yake akiwa chumba cha pili. Alinisikiliza ameinamisha kichwa mpaka mwisho.

“Baba mdogo, kiti kiko wapi?”

“Kiti gani?”

“Ulichoapia.”

“Aah, yule mzee wa makumbusho?” Nikajaribu kupenyea mlango wa nyuma. “Sawa, bado yumo. Hicho ni kichumvi tu, mwanangu.”

“Mama hakuona.”

Nikaikunja karatasi yangu. Nilikuwa najua.

Ukweli ni huu. Mama aliipokea picha, akaisogeza puani, akaigeuzia dirishani. Akaishika kichwa chini bila kujua. “Washa taa,” akasema, na jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Profesa hakuweza kumjibu. Mama akaelewa kutokana na ule ukimya, akapitisha kidole juu ya kioo cha fremu, taratibu, kama anayetafuta mahali.

“Umemfungua mdomo?”

“Nimemfungua, mama.”

“Anafanya nini?”

“Anacheka.”

“Una hakika?”

Na yule aliyekuwa hachori asilolijua akasema, “Nina hakika.”

“Basi niambie alivyo. Usikimbie.”

Profesa akaigeuza fremu, akaanzia juu, kushoto, kama alivyofundishwa chuoni kuisoma picha. Mwanga unatokea upande wa mlango. Unaangukia kwenye paji la uso. Nyusi ya kulia imepanda kidogo, anataka kamera yake. Akashuka hivyo mpaka kwenye kicheko, akakisimulia jino kwa jino.

“Haya ndiyo uliyokuwa unasomea miaka yote ile?”

“Ndiyo, mama.”

“Rudia.”

Anarudia mpaka leo. Lakini kitu cha mwisho shemeji yangu alichokiona cha mwanawe kwa macho yake mwenyewe ni ule mdomo wa mistari, na kuna asubuhi anaamka akiuliza kama wameshamtoa uzi. Hapo ndipo nilipotaka kupaka rangi, nikakamatwa.

Kiti nilikipeleka kesho yake, nimekibeba kichwani, mtaa mzima ukinizomea. Anakikalia shemeji sasa, fremu mapajani. Mimi nakalia ndoo. Profesa anavuta kigoda, anaanzia juu, kushoto.