Mguu wa Mzee Chopi

Kabla Nanjala hajatia sukari kwenye chai, baba mkwe wake alikuwa amekwisha kunawa uso kwenye bomba la nyuma ya jumba la mzungu, amevaa koti na kuketi kwenye ngazi za jikoni kama msafiri. Usiku wote wa jana na juzi alilala kwa mpishi, chumba cha jirani. Joash na mkewe walikuwa na chumba kimoja tu cha watumishi, na baba wa Kiluhya halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe, hata kama ni Hurlingham, Nairobi, hata kama mvua inamnyea. Nanjala aliinama, akaweka kikombe chini kando yake badala ya kumpa mkononi, akarudi ndani upesi.

"Mpishi ameniambia leo mna maonyesho Waithaka, saa tisa," mzee Zedekiah akamwambia mwanawe. "Nitakwenda."

Joash alikuwa akikaza nyuzi za gita. Mkono ukasimama.

"Baba, Waithaka siku hizi za hali ya hatari si mahali pa kutembelea. Ni askari kila kona. Afadhali nikupeleke mjini uone stesheni."

"Stesheni niliiona mwaka wa kumi na sita, wakinipeleka vitani. Mwanangu, kijiji kizima kinazijua santuri zako. Mwalimu wa kanisa anaimba wimbo wako akidhani hatumsikii. Ni mimi tu, baba yako, ambaye sijakuona kazini hata siku moja. Chifu amenipa cheti cha kusafiri cha siku tatu, na leo ndiyo ya tatu."

Joash akarudi kukaza nyuzi. Na hapa heri tuseme sisi, maana yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa ya kulisema na hakuthubutu.

Mzee Zedekiah alikuwa mmoja wa wale waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya Mjerumani. Kando ya mto Rufiji sanduku la risasi lilimwangukia goti, na serikali ikamrudisha kwao na fimbo. Tangu hapo mguu wa kushoto ulikuwa hauinuki, unaburutwa, kisha unatupwa mbele kwa mshtuko. Tena alikuwa na desturi ya kuvua kofia kabla ya kusema na mtu yeyote, hata mtoto, na kufikiri kidogo kabla ya kujibu. Basi Joash alipotoka jeshini, mwaka wa 1946, akakaa Nairobi peke yake na upweke ukamzidi. Jioni moja alisimama mbele ya watu wa kwao kwenye ukumbi wa Kaloleni, akatembea kama baba yake. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa amemkumbuka tu. Watu walicheka mpaka wakalia, na wengine walilia kweli, maana kila mmoja alikuwa na mzee wake aliyeachwa nyumbani.

Ndivyo alivyozaliwa Mzee Chopi, yaani mzee anayechechemea. Kisha ofisi ya sinema na matangazo ikamchukua Joash, ikamrekodi nyimbo, ikamtia kwenye filamu mbili za kuhimiza usafi, ikampandisha juu ya gari lake la kutangaza sabuni. Nayo ikamrekebisha Mzee Chopi. Ilimvika shati lililoraruka, ikampaka masizi menoni, ikataka avulie kofia mbwa, mlingoti wa taa, hata ndoo. Lazima awe mchafu, la sivyo sabuni itamsafisha nini? Baba yake Joash hakuwahi kuwa mchafu siku moja.

Saa tatu asubuhi Joash alikuwa ofisini, Victoria Street, ghorofa ya pili, amesimama na kofia mkononi mbele ya meza ya Bwana Tomsoni, mzungu mkuu wa ofisi ile.

"Bwana, leo niache niimbe tu. Chopi apumzike."

"Kwa nini? Wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, Bwana. Baba yangu atakuwepo."

"Mzuri sana! Yeye atacheka."

"Hatacheka, Bwana. Chopi ni yeye. Ule mguu ni wake."

Bwana Tomsoni akacheka kwa furaha ya kweli, hata akavua miwani. "Basi wewe lete yeye hapa ofisi. Mimi nataka piga picha yake."

Joash akatikisa kichwa. Akasema taratibu kwamba hatafanya Chopi leo, na ikiwezekana hatamfanya tena kabisa. Bwana Tomsoni akaacha kucheka. Akamwita karani wake, Mohdhar, kijana mstaarabu wa Mombasa, akamwamuru alete mkataba amsomee Joash.

Mohdhar aliusoma kwa sauti ya chini, macho yake hayataki kuonana na ya Joash. "'Mhusika aitwaye Mzee Chopi, jina lake, sauti yake, mavazi yake na mwendo wake, ni mali ya ofisi hii.' Umetia sahihi mwenyewe, ndugu yangu. Mwaka wa hamsini."

"Mwendo wake pia?"

"Mwendo wake pia."

Joash alitaka kuuliza mtu huandikaje mguu wa mtu mwingine kuwa mali yake, tena mguu uliovunjika ukibeba risasi za Waingereza hao hao. Hakuuliza. Barua ya ofisi ile ndiyo iliyompa ruhusa ya kukaa Nairobi, yeye na Nanjala, na siku hizo mtu asiye na barua hakuulizwa maswali mengi kabla ya kutupwa ndani ya lori.

"Kama wewe hapana fanya," Bwana Tomsoni akamaliza, "Makau atafanya. Halafu wewe kwenda kwenu."

Makau alikuwa Mkamba, mtu wa kuendesha jenereta ya gari. Miaka mitano amekuwa akimtazama Chopi kutoka nyuma ya gari.

Mchana gari lilipita Hurlingham kumchukua mzee. Njia nzima Zedekiah alikaa kando ya Makau akivulia kofia kila gari walilopishana nalo, na Makau hakumtazama hata mara moja, maana alikuwa akihangaika na pipa la petroli lililokuwa likivuja. Joash aliliona hilo, kwamba Chopi wa kweli hakutambuliwa, na hakujua ashukuru au aumie.

Waithaka, watu walikuwa wamekwisha kukusanywa kwa filimbi. Siku nyingine watu wale hawakuruhusiwa kusimama watano pamoja nje ya nyumba zao. Siku ya gari la sabuni waliamriwa wakae mia tano kwenye vumbi, wanawake bado na udongo miguuni wa handaki walilolazimishwa kuchimba kuzunguka kijiji, askari wa chifu wamewazunguka na bunduki. Mzee Zedekiah alipewa sanduku akalie, mbele kabisa.

Joash alipanda jukwaani na shati lake safi, mwili wima. Akaimba wimbo wa kwanza. Watu wakasikiliza. Akaimba wa pili, akaingiza kichekesho cha mtu aliyenunua redio akaitafutia nyasi. Mtoto mmoja akacheka, akanyamaza.

"Chopi!" sauti moja ikaita.

"Tuletee Chopi! Hii nyimbo tulisikia!"

"Chopi! Chopi!"

Hata askari waliita. Joash akapiga gita kwa nguvu zaidi, akaongeza mzaha juu ya mzaha, jasho likamtiririka. Hatua moja tu ya mguu wa kushoto ingetosha. Uwanja mzima ungekuwa wake. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anaona haya kwa niaba ya mwanawe, na haya ile ilimchoma Joash kuliko kelele za watu. Lakini mguu hakuutupa. Alimaliza wimbo, akainama, akashuka.

Kabla hajafika chini, Makau alikuwa amekwisha kuvikwa lile shati lililoraruka. Akapanda akirukaruka kama chura, mguu huu, mara ule, kofia inaanguka, anaiokota, anampigia saluti askari wa chifu. Mwendo ule haukuwa wa mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Ulikuwa mwigo wa mwigo. Na watu wakacheka! Wanawake wa handaki waliegemeana, mia tano wakacheka kwa njaa ya kucheka, na Bwana Tomsoni akapiga makofi kando ya gari.

Jua likishuka, Bwana Tomsoni alimpokonya Joash gita, kwa kuwa lilikuwa la ofisi, akamwambia asije kesho wala keshokutwa. Gari likaondoka na Makau kiti cha mbele. Joash na baba yake wakashika njia kwa miguu kwenda kutafuta basi Dagoretti Kona, kabla saa ya kafyu, amri ya kutotoka nje, haijafika.

Mzee akaenda akiburuta mguu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Joash alidhani analia. Kumbe anacheka, anafuta machozi kwa kiganja.

"Yule Mkamba!" akasema. "Yule mzee wake mchafu, we! Mbavu zangu! Sijacheka hivi tangu mama yako afariki."

"Ndiyo, Baba."

Wakaenda hatua chache. Mzee akasimama, akavua kofia, akafikiri kidogo kama kawaida yake, kisha akamshika mwanawe bega kwa upole.

"Usivunjike moyo. Si kila mtu amejaliwa kipawa kile. Nyumbani nitawaambia uliimba vizuri. Lakini mwendee yule, mwanangu, mwendee kwa heshima, umwombe akufundishe japo kule kuchechemea tu."

"Nitamwomba, Baba," Joash akasema, akapunguza mwendo ili mguu wa mzee umfikie.