Marinda ya Mlima

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Akikutana na mtu njiani, awe hakimu au mpiga rangi, na suruali yake imefumuka chini, alimsimamisha: "Hebu simama. Pindo limeachia." Kisha alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akainama, akashona papo hapo, mwenye suruali kasimama mguu mmoja kama korongo na watu wakicheka. Mwanamke wa namna hiyo, nani wa kumwambia akae nyumbani akakaa?

Mwanawe alijaribu.

Cherehani ya Mama Pindo ilitazama ukuta, na ukutani palining'inia kalenda yenye picha ya mlima, kilele cheupe, na chini yake kijiji cha nyumba za mawe zilizosongamana kama kondoo wanaoona baridi. Kalenda hiyo muda wake ulikwisha miaka kumi na tisa iliyopita, lakini hakuthubutu kuitoa. Sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, mashuka ya hospitali, vyote alivishona akiutazama mlima ule, mguu wa kulia ukikanyaga, ukikanyaga, mpaka goti likaanza kulia kama bawaba ya mlango. Siku aliyotimiza miaka sitini na minne alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akasema kwa sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu: "Nimekutazama vya kutosha kwenye karatasi. Nakuja."

Hakukusudia kwenda kuteseka. Alimwambia hivyo waziwazi binti wa ofisi ya safari. "Nataka mabonde, nataka vilele, na daraja la kamba linalotikisika kidogo. Lakini jioni nataka maji ya moto, mablanketi mawili, na chakula alichopika mtu mwingine. Mzigo abebe nyumbu." Binti akacheka, akampa ramani kubwa yenye nyumba za wageni zilizotiwa alama nyekundu, akamwambia achague mwenyewe pa kulala.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa na duka la viatu mlango wa pili, ndiye angefuatana naye.

"Wifi yangu," alisema akiitazama ramani, "hii ni safari ya mashujaa au ya mito ya kulalia?"

"Ya vyote. Nani kasema mlima hauonekani mpaka uwe na njaa? Taabu mimi nimeshaimaliza. Sasa nataka kuona."

"Basi nimo. Ila nyumbu wangu awe mpole kama alivyokuwa kaka yangu."

"Kaka yako mpole? Nyumbu huyo tutamrudisha siku ya kwanza!"

Wakacheka mpaka wifi akashika mbavu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Pasipoti ya Mama Pindo ilikuwa kwa mwanawe, pamoja na karatasi zote za familia, ambazo alizifungia kabatini kazini kwake tangu mwaka ule walipoibiwa nyumbani. Bila kijitabu kile hapakuwa na mlima wala nyumbu.

Mwanawe alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuja Jumamosi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaitandaza ramani magotini. Mama yake alikuwa ameipima kwa uzi mwekundu kutoka alama hadi alama.

"Na hii siku ya tatu, Mama, umeipimaje?"

"Kwa uzi. Toka nyumba hii mpaka hii ni urefu wa kidole gumba. Saa moja na nusu, tena kwa mwendo wa shangazi yako anayesimama kila penye duka."

Mwalimu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mama, hii mistari ya kahawia ulidhani ni mapambo? Hizi ni kontua. Kila mstari ni kimo. Hapa ilipobanana ni kama ukuta. Kidole gumba chako kinapanda mita mia tisa! Kwa goti lile ungelala njiani."

"Basi nitapanga upya."

"Hapana. Pasipoti ibaki kwangu. Ni kwa kukupenda, Mama. Tutakupeleka mahali tambarare, kuna bustani nzuri, utakaa kwenye benchi, utapunga upepo."

Benchi! Alipoondoka, Mama Pindo alilirudia neno hilo peke yake kama mtu anayetema kokwa. Amekaa kwenye kigoda cha cherehani miaka arobaini, na zawadi yake iwe benchi?

Lakini kilichomchoma kuliko benchi ni kwamba mtoto alikuwa na haki. Fundi mzima alikuwa ameupima mwili kana kwamba ni meza! Kosa hilo hilo amewafukuzia wanagenzi watatu: kulaza futi juu ya kitambaa kilichokunjwa na kusahau kilichojificha ndani ya mkunjo. Mezani palikuwa na sketi ya mteja, marinda yamebanwa kwa pini yakisubiri kushonwa. Akaitazama sketi. Akaitazama ramani, pale mistari ilipobanana. Akaitazama sketi tena.

"Kumbe ni wewe tu!" akasema.

Kwa siku tatu hakushona kitu. Alihesabu mistari ya ramani kama anavyohesabu marinda, akiweka pini moja kwa kila mistari mitano. Palipobanana, aliikata siku vipande viwili. Aligundua kwamba upande wa pili wa mlima ule ule mistari ilikaa mbalimbali, na njia ya nyumbu ilipita hapo. Alimpigia simu binti wa ofisi ya safari mara nne, na mara ya nne binti akamwambia kwamba penye ukuta ule kuna kigari kinachovutwa juu kwa kamba ya chuma, chenye viti na madirisha.

"Viti vina mito?" aliuliza wifi, sikio karibu na simu.

Jumatano, saa ya mapumziko, Mama Pindo aliingia katika chumba cha walimu na mfuko wa nguo begani. Harufu ya chaki, madaftari yamerundikana, walimu sita na vikombe mkononi. Mwanawe akainuka haraka.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Nimekuja kuchukua pasipoti yangu."

"Tulishalizungumza hili. Tena hapa ni kazini."

"Na mimi niko kazini." Akasogeza madaftari, akatandaza ramani, na juu yake akailaza ile sketi. "Njoo, Mwalimu. Pima kiuno hiki."

Mwalimu aliwatazama wenzake, akaona hawana nia ya kumwokoa. Akapima. "Shubiri tatu."

Mama Pindo akachomoa pini, moja, mbili, zote. Kitambaa kikafunguka, kikavuka ramani, kikavuka meza, kikaangukia mapajani mwa mwalimu wa hisabati.

"Kitambaa kilikuwa hapo hapo," alisema. "Hukukiona kwa sababu kilikunjwa. Hii mistari yako ni marinda. Ikibanana, kuna mlima mwingi umefichwa. Siku ya tatu nilikosea, na wewe ulinisahihisha, ahsante. Sasa nisahihishe hizi."

Akampa orodha. Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, kidole juu ya ramani, siku baada ya siku. Alitafuta kosa kwa bidii, kama anavyolitafuta kwa mwanafunzi mtundu. Alifika mwisho, akaanza upya.

"Miaka kumi unafundisha kontua," alisema mwalimu wa hisabati, sketi bado mapajani, "na mimi leo ndiyo nimezielewa."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja.

"Na goti likikataa huko juu?" aliuliza taratibu, na sasa sauti haikuwa ya mwalimu tena. Ilikuwa ya mtoto.

Mama Pindo aliisikia tofauti hiyo. Hakulegea. "Likikataa, nitakaa chini nitazame. Lakini nitakuwa nimekaa mahali nilipopachagua mimi. Wewe unaogopa, mwanangu, na uoga wako ni halali yako. Usinivalishe mimi."

Kijiko kikagonga kikombe.

"Pasipoti iko mbali," alisema mwanawe mwishowe. "Nimeiweka mahali salama."

"Iko katika kabati lile la chuma nyuma yako. Na ufunguo uko kwenye mfuko wa siri, ndani ya kiuno cha suruali, upande wa kulia. Suruali hiyo nani kaishona?"

Chumba kikalipuka. Mwalimu wa jiografia aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na alipoinua uso alikuwa anacheka pia, machozi yakimlengalenga. Akatia vidole kiunoni, akatoa ufunguo.

Mama Pindo aliipokea pasipoti, akaifungua kuona kama ni yake, akaitia kifuani. Ramani akaikunja. Sketi akaiacha mezani.

"Hii ifundishie mpaka nirudi."

"Na mwenye sketi je?"

"Nimemwambia asubiri. Mimi nimesubiri miaka kumi na tisa, yeye wiki tatu zitamshinda?"

Akafika mlangoni, akasita, akageuka. Mwanawe alidhani amelainika, akapiga hatua kumfuata.

"Simama hapo hapo," alisema mama yake, akichomoa sindano kwenye ukosi. "Pindo lako limeachia."