Maji ya Kawe

Jumapili moja ya mwaka 1969 watu wanne wa familia moja walishuka basi Kawe, pwani ya Dar es Salaam, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Chini ya jabali la matumbawe mchanga ulikuwa mpana, na familia kadhaa zilikwisha kutandika.

Kokushubila alikuwa ametoka Bukoba kumchukua mjukuu wake, Felicitas, mwenye miaka sita. Kwao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi. Kamugisha, baba wa mtoto, karani, alikwisha kukubaliana na mama yake kwa barua. Mkewe, Apolonia, hakuulizwa. Treni yao ilikuwa Jumatano.

Bibi alitandika mkeka chini kabisa ya jabali, penye kivuli.

"Mama, hapo maji yatafika," alisema Apolonia.

"Yafike yakitoka wapi? Mimi nimezaliwa ziwani, binti. Maji nayajua."

"Mama, bahari haisikii Kihaya," Kamugisha alitania.

"Hata wewe siku hizi hukisikii. Kula ndizi."

Ziwa lina mawimbi, lakini halijai na kupwa kila siku. Saa saba Kamugisha na Apolonia walipanda ngazi ya jabali kutafuta madafu. Bibi akasinzia, mtoto akaokota makombe karibu naye. Waliporudi ukingoni mwa jabali, familia nyingine zilikuwa zimehama. Maji yalikuwa yameuchukua mkeka. Bibi alijibana kwenye mwamba, amekumbatia sufuria ya ndizi.

Kamugisha alianza kuvua viatu. Apolonia alimshika mkono. Maji yalimfika mtoto magotini tu, naye alikuwa anaongea.

"Bibi, iache sufuria. Nipe mkono. Usikanyage penye kijani, panateleza."

"Tutakufa, mjukuu wangu!"

"Hatufi. Ngazi ile pale. Ngoja wimbi lipite. Haya, twende!"

Ngazi ilikuwa na vidato kumi na vinne vilivyochongwa kwenye jiwe. Bibi alivipanda vyote bila kuuachia mkono ule.

Juu, Apolonia alimvua bibi kilemba kilicholoweshwa na mawimbi, akakikamua, akamfunika kwa khanga yake. Bibi alitazama maji kule chini.

"Nani kamfundisha?"

"Amejifunza hapa hapa, Mama. Huja nami kila mwezi."

"Mimi ningemfundisha kuchuma kahawa." Akamgeukia mwanawe. "Kamugisha, tiketi ya mtoto irudishe."

"Lakini Mama, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana mimi na wewe. Mama yake hakuwapo. Apolonia, nguo zake zimo sandukuni mwangu. Utazitoa mwenyewe."

Apolonia alipiga magoti juu ya mawe kumshukuru, kama afanyavyo mkamwana wa Kihaya. Ilimchukua muda kuinuka.